Mililita Arobaini na Tano

Saa nne kasorobo asubuhi, Februari, mji wa Alamosa.
Theluji imeganda kwenye ngazi za kliniki
na Leland Tafoya, dereva wa basi la shule namba kumi na nne,
anakung'uta viatu mlangoni kama anayeingia kanisani.

Namfahamu. Mwanangu hupanda basi lake.
Hata hivyo naomba kitambulisho:
kanuni haijui jirani.

Vua koti. Vua kofia. Toa vya mifukoni:
funguo, peremende ya mnanaa,
risiti ya duka la dawa,
karatasi iliyokunjwa mara nne. Naikunjua, ndiyo kazi yangu.
Farasi wa kijani, miguu mitano.
Naikunja tena.

Nawa mikono nikikuona.
Maji ya chooni ni buluu, rangi nimeitia mwenyewe.
Bomba nimelifunga utepe. Usivute maji.
Jaza mpaka mstari huu.

Akatoka na kikombe kikavu.

Kwa mtu wa namna hiyo kanuni ina subira ya muda wa saa tatu
na maji ya kunywa, lita moja na kidogo.
Baada ya hapo daktari ndiye ataamua
kama ni figo au ni hila.
Nikaandika saa kwenye fomu. Akaketi. Akanywa.
Redio ikataja bei ya viazi.

"Orlinda huvuta," akasema, bila kuulizwa.
"Tangu dawa za saratani zianze kumtapisha.
Hununua kule mkabala na benki,
pana leseni ukutani, anapewa risiti, anakatwa kodi."
Nikamwambia haina haja anieleze.
"Jimbo linamruhusu yeye.
Washington wanashika leseni yangu mimi.
Sheria mbili, Bi Hruska, kitanda kimoja.
Nimehamia kochini tangu Oktoba.
Jioni nasimama mlangoni pa chumba
namsomea gazeti kutoka pale.
Dirisha liko wazi, baridi hii.
Anacheka, anasema namchumbia upya."

Nilikuwa na jibu. Sikulitoa.
Moshi wa mwenzio haupokelewi kuwa utetezi;
imeandikwa, ninaweza kukufungulia ukurasa.
Nikamwongezea maji.

Dakika ya mia na arobaini akanyanyuka ghafla,
na aliporudi kikombe kilikuwa na joto.
Ndani ya dakika nne nikasoma kipimajoto:
nyuzi thelathini na nne. Mkojo wa mtu, wa leo, wake.
Nikagawa mbele ya macho yake:
thelathini chupa ya kwanza, kumi na tano ya pili.
Lakiri. Tarehe. Herufi za jina lake,
mkono ukitetemeka kwenye T.

"Wakisema imo," nikamwambia, "daktari atakupigia kwanza.
Una saa sabini na mbili kudai chupa ya pili ifunguliwe."
"Na wewe utajua lini?"
"Mimi siambiwi."

Siri ya mtungi aijuaye kata, husemwa.
Miaka kumi na moja mimi ni kata.
Nimechota madereva wa malori, mafundi wa reli,
mama mmoja aliyekatwa nywele utosini
ili mahakama ihesabu miezi yake mitatu
kabla ya kumrudishia pacha wake.
Sijui hata mmoja alikwenda wapi.

Alhamisi basi lilipita, kioo kimejaa jua.
Mkono ulipunga. Nikapunga nao.

Usiku, mezani, nikamuuliza Emmett
nani aliendesha leo.
"Dereva."
"Dereva gani?"
"Wa basi, mama,"
akasema, akachukua kalamu ya kijani
na kumwongeza farasi mguu.